Sinagogi Yetu Iliyolala Barabarani

Barabara ya Mnara wa Taa,
Otter Bluff, Michigan.
3 Novemba 2019

Mpendwa mdogo wangu Gershon,

Shalom nyingi kutoka kwenye baridi yetu hadi kwenye jua lenu la Haifa. Goti lako linaendeleaje? Na Tirza, kile kikohozi kimemwacha? Nawaombea afya kila siku, ingawa tangu ile barua yako ya Aprili nimekuwa nikikuombea huku nimenuna.

Sisi huku ni wazima. Presha yangu imeshuka, kuku wangu wamebaki kumi na wawili, na Shangazi Perl ametimiza miaka tisini na mmoja na bado anasema chai yangu ni maji ya kuoshea vikombe. Ujue basi kwamba hajambo kabisa.

Sasa tuje kwenye hiyo barua ya Aprili. Ninayo hapa mezani, nimeiegemeza kwenye chupa ya siki niione vizuri. Uliandika kwamba ziwa limeamua kuila sinagogi, basi tuliache liile. Uliandika kwamba ni mbao tu. Ukaandika tena kwamba ikifika Hanuka, mwezi wa Desemba, ikiwa bado imesimama, utapanda ndege uje kuosha madirisha yake kwa mikono yako mwenyewe. Na ukatia sahihi, Gershon.

Umekaa mbali miaka mingi, kwa hiyo nikukumbushe hizo mbao. Babu Velvel na wenzake wanane walinunua lile banda la kupakia pichi walipochoka kusali jikoni kwake katikati ya makreti ya mayai. Walikuwa mafundi cherehani wa Chicago waliojitia ukulima, hawajui hata jembe linashikwa upande gani. Wakang'oa meza za kuchagulia matunda, wakazigeuza mabenchi. Mvua ikinyesha kuta zilinukia pichi, na mpaka leo zinanukia.

Siku za joto unazikumbuka mwenyewe. Meli zikishusha wageni kutoka Chicago, kila nyumba inakodisha vyumba, sisi watoto tunafukuzwa vitandani tukalale barazani. Siku ya Sabato watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Halafu wageni wakapata ndege na mashine za kupooza nyumba, mashamba yakauzwa, vijana mkatawanyika. Tumebaki kaya kumi na nne wakati wa theluji. Lakini hakuna Sabato hata moja ambayo mlango ule haukufunguliwa. Nasema hata moja.

Ziwa halikujali hayo. Mwezi wa tatu lilikuwa hatua thelathini kutoka ukuta wa nyuma, mwezi wa tisa zikabaki tisa. Mchanga ulikuwa unamomonyoka na miti yake. Lazar Pinsker, mwenyekiti wetu, yule aliyekuwa akikuibia biskuti, alitaka tuokoe Torati na mabenchi tu, jengo tuliache. Tukapiga kura. Shangazi Perl aliinua mikono yote miwili, na hakuna aliyethubutu kumwambia ashushe mmoja. Ikaamuliwa tulihamishe jengo zima, lipande mlima mdogo mpaka kwenye kiwanja changu cha kuku. Kiwanja nimekitoa mimi, ndiyo maana kuku wamepungua.

Tulimpata Harm Dykhuis, Mholanzi, kazi yake kuhamisha nyumba. Ni mzee wa kanisa lao, mtu ambaye Jumapili hata nyasi hakati. Anaongea kama vile maneno ni ya kukopeshwa. Alikuja na vijana wake, wakapitisha mihimili ya chuma chini ya sakafu, wakainua kwa jeki, wakaweka magurudumu. Ijumaa ya tarehe 25, saa tatu asubuhi, sinagogi ya Babu Velvel ilianza kutembea. Gershon, nililia kama mtoto. Lazar alitangulia ameikumbatia Torati, sisi nyuma yake, na nyumba inatufuata nyuma ya lori.

Saa kumi jioni ekseli ikakatika. Nyumba ilikuwa katikati ya barabara ya chini, bado karibu mno na ukingo. Redio ilishasema tufani ingefika Jumapili mchana. Spea ilipoletwa kutoka mji wa jirani, jua lilikuwa limebakiza nusu saa tu kuzama na Sabato kuingia.

Dykhuis akafuta mikono. "Masaa matatu namaliza. Nyinyi nendeni mkasali, mimi na vijana tunaendelea."

Lazar akadakia, "Ehee! Yeye si Myahudi, Sabato haimhusu. Sisi twende zetu, tukirudi tunaikuta juu."

"Lazar," akasema Shangazi Perl kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, "hilo ungemwambia Velvel usoni?"

"Mama Perl, Velvel amekufa!"

"Na wewe unataka kumfuata? Mtu akikufanyia kazi yako siku ya Sabato, ni wewe umefanya. Hata kuku wa huyu Tsivia wanalijua hilo."

Moyo wangu ulikuwa upande wa Lazar, sikufichi. Niliona jengo, niliona maji, nikajisemea kwamba Mungu atatuelewa. Basi Dykhuis akatutazama sisi, akaitazama nyumba, halafu akapanda kwenye lori na kuzima injini mwenyewe.

"Mimi nisingependa mtu anifanyie kazi Jumapili yangu," akasema. "Sabato yenu inakwisha saa ngapi?"

"Kesho nyota tatu zikionekana," nikamjibu. "Saa mbili kasorobo usiku."

"Jumapili yangu inaanza saa sita usiku. Kwa hiyo kati ya Mungu wenu na Mungu wangu tunayo masaa manne na robo."

"Ni yuleyule mmoja," akasema Shangazi. "Lakini sawa."

Hivyo ndivyo sinagogi ilivyolala barabarani, na hivyo ndivyo Jumamosi asubuhi tulivyosali ndani yake, mita moja na nusu juu ya lami. Vijana wa Dykhuis walikuwa wametuachia ngazi. Shangazi Perl walimpandisha na kiti chake, juu kama bibi harusi, naye anawapungia mkono watu wa magari yaliyozuiwa. Maana watu walikuja, Gershon! Waliokuja kushangaa nyumba katikati ya barabara walipanda wakakaa, wengine kutoka vijiji ambavyo sikujua kama vina Wayahudi. Mabenchi yakajaa. Wakajaa mpaka kwenye ngazi. Mara ya mwisho kuona hivyo nilikuwa na nywele nyeusi.

Na unajua Sabato hiyo tunasoma nini? Mwanzo kabisa wa Torati. Lazar akafika pale Mungu anapoyaamuru maji yakusanyike mahali pamoja ili nchi kavu ionekane. Akageuza shingo akalitazama ziwa dirishani, akalisomea tena mstari huo kwa sauti ya kugomba. Watu walicheka mpaka nyumba ikatikisika kwenye magurudumu yake.

Jioni tulisimama barabarani tumeinua shingo. Mawingu yalishaanza kukusanyika. Nyota ya kwanza, ya pili, halafu tukangoja, tukangoja. Aliyeiona ya tatu ni Dykhuis. Akavaa glavu zake. Ekseli ikafungwa, lori likanguruma, na nyumba ikapanda mlima tukiisindikiza kwa nyimbo. Saa tano na robo ilikaa kwenye msingi wake mpya, uso wake mashariki vilevile. Dykhuis akavua kofia, akatazama saa. "Nimebakiwa na dakika arobaini na tano za kuoga," akasema, akaondoka.

Jumapili mchana tufani ikaja. Jumatatu asubuhi tuliteremka kuangalia. Pale sinagogi ilipokuwa tangu siku za Babu ni hewa tupu, na pale ilipolala Ijumaa, nusu ya barabara imeliwa. Nilisimama pale na hofu, na furaha ambayo sijui niiweke wapi. Tumelishinda ziwa, mdogo wangu, na hatukuivunja Sabato ya mtu yeyote.

Nisalimie Tirza, Binyamin na mapacha wake, na shemeji Osnat. Lazar anakusalimu, biskuti hazirudishi. Mwenyezi akulinde utokapo na uingiapo, akuongezee miaka, na goti la kuitembelea.

Ni mimi dada yako nikupendaye hata ukishindwa,

Tsivia

Nyongeza: Madirisha ni kumi na moja. Kumi nimeshayaosha mwenyewe, nimekuonea huruma. Lile la pembeni ya kiti cha marehemu baba yetu bado lina mchanga wa ziwa wa siku ile. Shangazi Perl amesogeza kiti chake mbele yake na hamruhusu mtu aliguse. Anasema lina mwenyewe, na kwamba yeye hana haraka, ila ana miaka tisini na mmoja.