Kichanga cha Kabatini

Adams Arcade, Nairobi

Kwa mkwe wangu Ridhaa,

Amani ikufikie. Baridi imetubana, ila tu wazima.

Nimelisoma ombi lako kwamba mpwa wangu Nisreen arejee kwako, nikaona kinyaa. Matiti yake yalipotoa maziwa pasipo mimba, mama yako alipekua makabati akitafuta kichanga aliyefichwa, nawe ukanyamaza. Daktari amebainisha kwamba tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, imeota uvimbe mdogo. Haiitii tena haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoizuia kuamuru maziwa. Vidonge vinamtibu.

Nilimsomea barua yako, akacheka.

"Mjomba, mwambie mamake Ridhaa kwamba yule kichanga aliyemtafuta kabatini ni mwanawe. Amnyonyeshe mwenyewe."

Naisubiri talaka yake, iliyoandikwa kwa adabu.

Mimi,
Abdulrauf