Njia Tuliyoitengeneza Wenyewe

Jumanne, 24 Juni

Mitumbwi ya kisiwa cha Nkombo imechelewa kufika ufukweni. Sambaza, dagaa wa ziwa letu, si nyingi, tena ndogo ndogo, lakini safi. Nimezimwaga kwenye vichanja, nimezitandaza kwa mkono, nimefukuza kunguru. Kama kila siku.

Nikipanda na beseni nimeteleza tena kwenye lile korongo la njia. Mvua za masika ziliikata njia yetu katikati na tangu hapo hakuna aliyeigusa. Maman Espérance, jirani yangu mwenye asili ya Bukavu, ndiye anayenunua sambaza zangu na kuziuza sokoni Kamembe. Wiki iliyopita alianguka palepale na beseni zima. Kuku wa mtaa siku ile walikula vizuri kuliko sisi.

Hata malori ya hoteli inayojengwa huku chini hayathubutu kushuka. Yanamwaga mawe na mchanga juu kwenye lami, na vibarua wanavishusha kwa toroli. Wanalalamika mchana kutwa. Mimi nawacheka.

Jumamosi ni umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Nimemwambia mkuu wa mudugudu, yaani wa mtaa wetu, safari hii tusifyeke majani, tutengeneze njia. Amekubali mara moja. Sikutegemea.

Jumamosi, 28 Juni

Mtaa mzima ulitoka na majembe. Mume wangu, Baba Salama, ni fundi mwashi, basi alishika uongozi bila kuchaguliwa. Mawe makubwa chini, madogo juu, kokoto mwisho. Alinyoosha kamba kana kwamba anajenga msikiti. Mtu akiweka jiwe vibaya, yeye hulitoa na kulipanga upya.

Shefu, msimamizi wa ujenzi wa hoteli, alituletea lori zima la kokoto. Bure. Tulimpigia makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.

Baada ya kazi tukakaa kwenye majani kwa mkutano, na mkuu akatusifu, akasema mitaa mingine ije ijifunze kwetu. Mgongo unauma, mikono imechubuka. Nina furaha. Nilipanda na beseni kichwani bila kuangalia chini hata mara moja.

Jumatano, 2 Julai

Malori yameshuka.

Tangu asubuhi, moja baada ya jingine, mpaka ufukweni. Kwa nini yasishuke? Mawe ya Baba Salama hayatikisiki. Toroli zimelazwa kando, vibarua wanapiga soga. Sasa wao ndio wanaonicheka.

Kiangazi kimeingia, kwa hiyo kila lori linakuja na vumbi lake. Vumbi linapanda, linazunguka, halafu linatua juu ya vichanja. Sambaza mbichi hushika kila kitu. Nilizifunika kwa vitenge, zikavunda chini yake. Nikafunua, zikageuka nyekundu kama udongo.

Tumejipalia makaa. Na zile kokoto za bure, sasa naelewa zilikuwa za nini. Najisikia mjinga, tena mjinga aliyepiga makofi.

Jumatatu, 7 Julai

Maman Espérance amerudisha beseni la juzi. Hakuja kwa ugomvi. Alikaa, akanywa chai, akasema tu: "Maman Salama, sambaza yako iko na muchanga. Batu banatafuna, banatema, kisha banakuja kunitukana miye."

Hana kosa. Naye ana wateja wake. Amesema atasubiri kidogo, lakini kidogo chake sikijui ni kirefu kiasi gani.

Ufuko huu si shamba langu. Mama mkwe alianika hapa, nami naanika hapa, basi. Haki yangu yote ndiyo hiyo. Kutoka kwenye vile vichanja tunapata mchele, sabuni, na sare ya Salama. Tangu mwaka huu uanze Baba Salama amekuwa akikaa kibarazani bila kazi, akiangalia zana zake. Vichanja vikienda, sisi tumekwenda.

Nimejaribu kuziosha upya. Sambaza ukiziosha mara ya pili vichwa vinakatika. Nimekaa na beseni la vichwa, nikatamani kumrushia mtu.

Ijumaa, 11 Julai

Baba Salama amerudi kutoka msikitini akitabasamu. Amepata kazi. Kwenye hoteli. Shefu aliiona njia, akauliza nani aliyepanga mawe namna ile, watu wakamwonyesha mume wangu.

Atajenga ukuta wa mawe upande wa ziwa.

Nimemuuliza ukuta huo utapita wapi. Akanionyesha kwa mkono, na mkono wake ulipita katikati, kati ya njia na vichanja vyangu. Nikamuuliza na mimi nitapita wapi. Akasema mkono mtupu haulambwi.

Ni kweli, na ndilo linaloniudhi. Angekuwa mtu mbaya ningemkasirikia nikashiba. Nimempakulia chakula nikaenda kula nje na Salama.

Jumanne, 15 Julai

Ameanza kazi. Malori yanashuka. Vumbi.

Hatusemezani ila kuhusu chumvi na maji ya kuoga.

Jumatatu, 21 Julai

Nitaandika polepole.

Lori lilikuja kinyumenyume. Nilikuwa nimeinama kati ya vichanja nikigeuza sambaza. Nilisikia Maman Espérance akipiga ukelele kutoka juu, nikaruka bila kujua naruka kwenda wapi. Kichanja cha kwanza kilivunjika, kisha cha pili. Matairi yalisimama juu ya sambaza.

Dereva akashuka mbio. Mwanamume mnene wa Nzahaha, makamo yake kama ya kaka yangu. Midomo ilikuwa imemkauka. "Unisamehe, Maman. Vumbi ilikuwa mingi, sikukuona." Kisha akapiga magoti, akaanza kuokota samaki mmoja mmoja mchangani na kuwaweka kwenye kofia yake. Nilikuwa na matusi tayari mdomoni, nikashindwa kuyatoa. Vumbi lile linamla na yeye, siku nzima, kwa posho ambayo nadhani si kubwa.

Baba Salama alikuja akikimbia kutoka ukutani, mwiko bado mkononi. Alitazama vichanja. Kisha akatazama pale nilipokuwa nimeinama.

Jioni hakula. Sikumbembeleza, lakini nilimfunikia chakula.

Jumamosi, 26 Julai

Umuganda tena. Tulifyeka kidogo tu, maana kila mtu alisubiri mkutano. Shefu alikuja pia, na viatu vyake safi.

Watu walikuwa na hasira. Wengine walitaka tuing'oe njia leo leo, majembe si tunayo. Nilikuwa mmoja wao, niseme ukweli. Mkuu wa mudugudu akakataa. Umuganda ni wa kujenga, alisema, hajawahi kuona umuganda wa kubomoa, na hauanzi kwake. Shefu naye akasema kwa upole kwamba njia ni ya wote, na kwamba hakutuma mtu kuitengeneza.

Ndipo Baba Salama akasimama. Mume wangu si mtu wa mikutano. Huwa anakaa nyuma na kung'oa majani. Leo alisimama mbele ya mtu anayempa mkate, akasema:

"Ile mawe ni miye niliipanga. Niliipanga sababu ya miguu ya huyu bibi yangu, haikuwa sababu ya camion, malori yenu. Ukuta nitajenga, sikatai. Lakini nitaacha mulango batu bapite na mabeseni yabo. Kama hamutaki, mutafute fundi mwengine."

Kisha akakaa, akaendelea kung'oa majani.

Shefu alikuna kichwa, akazungumza pembeni na mkuu. Fundi kama yule haokotwi njiani, hata shefu analijua hilo. Waliporudi walikubali. Mlango utaachwa, bila lango na bila kufuli. Malori yatashuka baada ya alasiri, sambaza zikishaanuliwa. Mkuu akatamka mbele ya wote, ili asiwepo wa kusema hakusikia.

Nimelia mbele ya watu. Maman Espérance amenishika bega, akaniambia niache, nitawatia wanaume kiburi.

Alhamisi, 31 Julai

Njia ilikuwa kimya asubuhi yote. Dereva wa Nzahaha aliniletea mbao mbili juzi, nimetengeneza vichanja vipya. Sambaza za jana zilikuwa safi na Maman Espérance amezichukua bila kuzinusa.

Ukuta umenipita kimo. Ni mzuri, nakiri. Mlango upo, na upana wake umenitosha na beseni langu kichwani bila kugeuka upande. Leo nimepita hapo mara nyingi kuliko nilivyohitaji.

Ila jua la asubuhi linatokea nyuma ya ukuta. Hili hatukulifikiria, si mimi, si yeye, si mkutano mzima. Kivuli kinalala juu ya vichanja, na saa ambazo sambaza huanza kukauka zinapita samaki wakiwa bado na maji. Nimesimama nikikiangalia kivuli, sina hata wa kumgombeza.

Baba Salama alikuwa juu ya jukwaa lake. Aliona. Akashuka, akaweka mwiko chini, akapita mlangoni, akashika kichanja upande wa pili. Tukakisogeza mpaka karibu kabisa na maji, penye jua. Tukarudi kuchukua kingine.

Mvua zikirudi ziwa litapanda mpaka pale, livichukue vichanja. Yeye analijua na mimi nalijua.

Tulipomaliza alirudi kwenye mawe yake, nami nikaanza kutandaza.