Mama Wawili wa Neema

Mwanangu Imelda,

Mi niko muzima hapa Kamenge, mvua inanyesha na samaki wetu wadogo, ndagala, ni wanono. Lakini huyu mutoto uliyemulea amenichosha! Neema anafundisha kompyuta nani ni ndugu wa nani, isaidie kutafutia jamaa watoto waliopotezwa na vita. Akaanza na sisi. Penye jina la mama yake akaandika majina mawili: marehemu dada yako aliyemuzaa, na we uliyemulea. Kompyuta ikajibu ati nyinyi ni mutu mumoja! Imewekewa kanuni: kila mutu ana mama mumoja tu. Nani aliifundisha ujinga huo?

Mwalimu wake wa kompyuta akamwambia, "Futa jina moja, kosa litaisha." Neema akakataa. Akanuna, bugali ikapoa mbele yake.

"Nyanya, siwezi kumufuta mama. Na wale watoto waliolelewa na mama wadogo, nao niwafute?"

"Apana! Basi futa hiyo kanuni, halafu ukule. Mi sikupika kwa kutazama!"

Akaifuta. Sasa muko wawili, wote mumeandikwa mama. Akala mpaka akalamba sahani.

Jifunike vizuri, hicho kikohozi chako kiishe. Dada yako tulimuzika, we ungali hai, na sasa hata kompyuta imekubali.

Mamako