Nyuma ya Tangazo la Maji

Shoga, nimechafukwa na roho mpaka basi.

Jana si nilikwambia naenda kwa yule jamaa wa fotokopi anijazie fomu ya kodi ya mapato? Tukakosea, tukachapisha upya, mara tatu. Zile zilizoharibika akasema, "Niachie, nitazitupa."

Leo naingia duka la dawa. Tangazo la mkutano wa maji limebandikwa kwenye kioo cha mlango, na ukiwa ndani unasoma mgongo wake. Mgongo wake ni fomu yangu! Jina langu, mshahara wangu, na "Hali ya ndoa: ametalikiwa."

Foleni nzima inasoma. Muuza dawa ananiambia, "Pole dada, hatukujua."

AMETALIKIWA, shoga! Na mji mzima huu nilikwambia wewe tu.

Nimemfuata yule jamaa. Haya hana! Eti, "Dada, upande mmoja ulikuwa safi, ningetupaje karatasi nzima?" Upande mmoja ulikuwa safi! Nimemwonea kinyaa.

Ya pili nimeibandua buchani. Ya tatu kampa katibu wa mkutano aipitishe nyumba kwa nyumba.

Katibu ni mama mkwe. Mwanawe hajathubutu kumwambia kwamba tumeachana. Na asubuhi kanipungia karatasi hiyo hiyo, bado ananiita "mkwe wangu."