Mwaka Ulioandikwa Chini ya Korongo

Mshauri, kwanza ujue unaongea na mtu gani. Nina miaka themanini na mbili, nimewazika mabosi wangu wote, nimewazidi umri madaktari wawili walioniambia niache tumbaku, na kuta nilizojenga bado zimesimama wakati waliozilipia wameshaanguka. Shule sikukaa sana, ila namba hazinipigi chenga, maana mimi ni mwashi, na kila nyumba nikiimaliza naandika mwaka juu ya mlango, saruji ikiwa mbichi, mtu asije akadanganya imejengwa lini.

Sasa nisaidie, moyo unaniungua. Mke wangu ana kopo la biskuti anamoweka vifungo na nyuzi, juzi natafuta kifungo cha shati nikakuta humo stempu mbili kuukuu, picha ile ile, korongo kasimama mguu mmoja, moja ya kijani moja nyekundu, nikavaa miwani, chini kabisa kuna maandishi madogo kama miguu ya sisimizi, herufi C ndani ya duara na mwaka 1968, zote mbili, na mimi mke wangu nimemjua 1974! Nikamuuliza, "Nani alikuwa anakuandikia sitini na nane?" Akacheka. "Si wewe, mzee? Za barua zako ulipokuwa kwenye ujenzi wa bwawa." Nikamwambia usinifanye mtoto. Ni kweli nilimwandikia, yaani mimi nasema, msimamizi wetu anaandika, anabandika na kutuma, lakini hiyo ni sabini na nne.

Na mtu mwenyewe namjua. Nyumba ya pili anakaa karani mstaafu wa posta, mwembamba, viatu vinang'aa kama anakwenda kuposa, kila asubuhi anapita, "Shemeji, leo umependeza," na mke wangu, ambaye mimi nikimtania ananuna, kwake anacheka mpaka meno yote yanaonekana, hayo machache aliyobaki nayo. Nani mwingine angekuwa na korongo wa kugawa, rangi mbili mbili? Nikayasema hayo mbele ya wageni. Mke wangu akachukua mkoba akaenda kwa binti yetu. "Sirudi mpaka mdomo huo huo ukanushe mbele ya hao hao."

Mimi sijawahi kubomoa ukuta wangu, nitabomoaje maneno yangu? Ila nyumba imekuwa kubwa, na chai nikikoroga mwenyewe haikolei. Nimkabili karani, au nifanyeje?

Ukidhani natia chumvi, muulize fundi bomba wa mtaani kwetu, alikuwepo, na dada yangu pia, ingawa huyo yuko upande wa mke wangu.

Mwashi

JIBU

Mzee wangu, shikamoo. Pole kwa upweke, lakini nakupa nusu tu ya pole. Nusu nyingine ni ya mkeo.

Mwaka ule si wa barua. Ni wa mchoro: hiyo C ya duara ni alama ya mwenye mchoro kwamba ni mali yake, mwingine asiuige. Posta wakipata picha nzuri huichapa tena na tena. Bei ikipanda wanabadili rangi, korongo anabaki na mwaka wake wa kwanza. Stempu ya sitini na nane hununuliwa sabini na nne bila ajabu. Wewe unayeandika miaka juu ya milango, niambie: mpangaji aliyehamia baadaye, naye aliingia siku ulipomaliza plasta?

Tarehe ya barua huwa kwenye muhuri wa posta. Lakini usiutafute! Ukiomba radhi baada ya kupata ushahidi, umeuomba radhi wino, hukumwomba mkeo.

Karani mwache. Kusema "umependeza" si kosa. Ilikuwa kazi yako, ukamwachia jirani.

Umeona mwaka, kopo hukuliona. Kazi yote ile ya bwawa, ushahidi uliobaki ni wa barua mbili, tena za mkono wa mtu mwingine, na mwenzako akabandua stempu zake akazitunza pamoja na vifungo vya mashati yako. Ukamlipa aibu mbele za watu.

Fanya hivi. Mchukue fundi bomba, dada yako na wageni wengine waliosikia, mwende kwa binti yako. Usikae kwanza. Sema, "Nimekosa, ulikuwa wivu." Usitie "lakini", usitaje umri wako wala kuta zako. Kisha nyamaza, na akikusema, msikilize mpaka amalize. Akikataa kurudi siku hiyo, usimvute. Kesho yake nenda tena, na kesho kutwa, mpaka achoke kukufungulia mlango au achoke kukaa mbali nawe.