Mapovu Kwenye Pipa

Mama Watoto,

Mimi mzima, paka wako mzima, na kwa kupika sijambo, usimsikilize dada yako. Mgonjwa ni injini ya boti: oili ya gia imetoka nyeupe kama maziwa, maana yake maji yameingia. Nyuma ya propela nimekuta uzi wa nailoni umejisokota hadi ukakata sili, ule mpira wa kuzuia maji. Nimeweka mpya.

Dada yako anasema hurudi. Sawa, sikuombi, nakupa habari za injini tu.

Jana nikaizamisha gia kwenye pipa la maji, nikaijaza upepo kwa pampu nione kama bado inavuja. Nikauliza kama siku zote, "Mapovu yanatoka?" Nikasubiri unijibu.

Mumeo, anayepiga pampu na kuchungulia pipa peke yake.