Nataka Kwenda Kakesio Bila Mkwe Wangu

Mama Antonia mpendwa wa ukurasa wa ushauri,

Mimi siombi msaada kwa sababu sijawahi kuomba msaada kwa mtu, naomba ushahidi tu, yaani wewe uandike gazetini jambo ambalo mimi tayari nalijua ili binti yangu Brigita alisome, kwa sababu maneno yangu hayaamini lakini likitoka gazetini analikata na kulibandika ukutani. Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe, shule niliishia darasa la tatu kwa sababu ng'ombe wa baba walikuwa wengi na watoto tulikuwa wachache, kwa hiyo pale nilipopinda wewe nyoosha.

Jina langu Remigius, Mmbulu wa Mbulumbulu huku Karatu, umri ni sabini na kitu, na kama kuna mtu wa rika langu huku anayelima bado kwa jembe la ng'ombe aje tushindane. Nyati aliyetoka msituni akaingia kwenye maharage yangu nilimfukuza kwa kugonga sufuria, na si sufuria kubwa. Sasa mtu kama huyo mwaka juzi wakamwambia kliniki ana kisukari, nikawaambia rudieni kupima, wakarudia, kikawa kile kile. Nikapewa sindano, ya asubuhi na ya jioni, najichoma mwenyewe tumboni bila kukunja uso, na kichupa cha dawa nakiweka ndani ya chungu kilichozungukwa na mchanga mbichi kwa sababu friji sina, muuguzi akasema hapo umefanya kama mtaalamu, na mimi nikamwambia ndivyo nilivyo.

Kwa hiyo ugonjwa si shida. Shida ni Leonce. Leonce ni mkwe wangu, mume wa Brigita, kijana mzuri, nilimpa binti kwa mkono wangu, lakini tangu nianze sindano Brigita amemgeuza mlinzi wangu, nikienda kanisani yuko, nikienda mnadani yuko, nikienda kliniki daktari ananiuliza mimi anajibu yeye, "Mzee usiku anaamka sana kwenda chooni," mbele ya akina mama wote wa foleni, na mimi nimekaa pale pale na mdomo wangu ukiwa mzima. Watu nao wameshazoea, hawaniulizi mimi tena, wanamuuliza yeye, mzee amekula, mzee anasikia baridi, mzee atakunywa nini, kama vile mimi ni gunia la ngano amelibeba kulipeleka mashine.

Ndiyo maana nikaamua kuanza kusafiri peke yangu. Nina rafiki yangu Supeet, Mmasai wa Kakesio, huko ndani kabisa Ngorongoro, tulijuana mnadani siku aliponiuzia dume lenye jicho bovu na mimi nisione, na toka siku hiyo tunaheshimiana. Akanipigia simu akasema, "Mmbulu, njoo uone ndama zangu kabla hujafa." Nikamwambia atakayekufa ni wewe, mimi nakuja. Nikangoja siku Leonce yuko shambani, Brigita nikamwambia naenda Karatu mjini kunyoa, na sikudanganya, nilinyoa kwanza.

Mama, safari niliiweza kuliko vijana. Dawa niliitia kwenye nailoni nikaizamisha ndani ya chupa ya chai yenye maji ya baridi, mama mmoja kwenye gari la Endulen akaniomba kikombe, nikamwambia hii chai ukiinywa utaota ndevu. Pale kwenye geti la hifadhi kijana wa zamu akachungulia ndani akaniuliza, "Babu, uko na nani?" Nikamwambia, "Niko na Remigius." Akasema, "Yuko wapi?" Nikamwambia, "Unamsalimia sasa hivi." Gari zima likacheka, nikajisikia nimerudi miaka arobaini. Kule juu kwenye ukingo wa kreta ukungu ulikuwa mzito hata dereva anaendesha kwa kukumbuka, wenzangu wamefumba macho, mimi nimefumbua yote mawili. Kutoka Endulen nikapanda pikipiki, yule kijana akasema babu ushike vizuri, nikamwambia wewe shika usukani, mimi nimeshika maisha haya tangu baba yako hajaoa.

Nikafika kwa Supeet. Mke wake mkubwa, Nosim, mama Koinet, akanipa maziwa ya kibuyu, nikanywa mafunda mawili ya heshima, na nyuma ya nyumba nikasikia mbuzi analia, nikajua hicho ndicho chakula changu. Sindano ya jioni inachomwa kabla ya kula, mimi nafuata sheria, nikasema natoka haja ndogo, nikazunguka nyuma ya zizi, nikainua shati, nikajichoma. Aliyeniona ni punda peke yake na hakuuliza swali, angekuwa Leonce angetangaza. Kwa nini niwaambie watu wa Kakesio habari za sukari yangu? Mimi kwao ni Remigius wa nyati na sufuria.

Sasa hapa kuna jambo dogo tu, naliandika ili karatasi ijae. Kwa Wamasai mgeni hali hivi hivi, lazima kwanza atoe habari, zote, tangu alipofunga mlango wa kwake mpaka alipokaa kwenye kigoda, na mwenyeji anaitikia "ee, ee", halafu mwenyeji naye anatoa zake. Mimi katika kutoa habari sina mpinzani. Nikatoa za mvua, nikatoa za ngano, nikatoa za nyati, Supeet akasema, "Hiyo ya nyati umeshaitoa," nikamwambia sasa natoa upande wa nyati. Kumbe mbuzi bado anachunwa. Basi nikasikia joto kidogo, jasho kidogo, mikono ikawa inacheza yenyewe, nikamwita Supeet kwa jina la marehemu kaka yangu, nikamwambia arudishe dume langu, nikasimama nimpe fimbo moja ya mgongo, halafu nikakaa, labda nilisinzia kidogo kwa uchovu wa njia. Nikasikia Koinet, mtoto wao, anasema, "Huyu babu amepitia kwenye pombe," na wazee wanacheka. Mama Koinet hakucheka, alisema mgeni ameshikwa na baridi, akanishika kidevu kama anavyoshikwa ndama aliyegoma, akanimiminia chai, kikombe cha kwanza, cha pili, tamu ile ya kusimamisha kijiko. Baada ya muda nikawa mzima kabisa, nikala mbuzi, na mguu mmoja nikaumaliza peke yangu.

Wakaniuliza, ulikuwa na nini? Nami akili yangu inakwenda haraka, nikawaambia ni yale maziwa, yalikuwa yamelala, tumbo langu limezoea maziwa mapya. Wakaamini wote. Supeet akamgombeza mkewe, naye akachukua kibuyu akaenda kukiosha na kukifukiza upya kwa kijinga cha moto. Jambo likaisha. Kesho yake nikarudi nyumbani na nywele zangu zimenyolewa, nikasema gari la jioni lilinipita nikalala mjini, hakuna aliyejua.

Angenyamaza Supeet ningekuwa salama, lakini akapiga simu kuuliza kama tumbo la mzee limetulia, na simu yangu akaipokea Brigita. Mama, kelele za siku ile ziliamsha hata kuku. Sasa Koinet anaoa mwezi ujao, na Supeet ameniomba mimi, Mmbulu, nisimame na wazee wa Kimasai nimbariki kijana, heshima ambayo hapa Mbulumbulu hakuna aliyewahi kuipata. Brigita anasema ama naenda na Leonce ama siendi. Mzee gani anabariki huku mkwe wake ameshika mkono wa koti? Supeet mwenyewe hana wasiwasi na mimi, amesema siku ya harusi wageni watapewa maziwa na mke mdogo, mama Koinet atakaa pembeni na vibuyu vyake, kwa hiyo kwa upande wa chakula hakuna hatari.

Naomba basi umwandikie Brigita kwamba mtu wa kisukari anaruhusiwa kusafiri peke yake. Andika hivyo tu. Ya maziwa usiyaguse.

Ni mimi Remigius, mzima.

*

Shikamoo baba Remigius.

Brigita, dada yangu, nianze na wewe kama nilivyoombwa: mtu mwenye kisukari anaruhusiwa kusafiri peke yake. Wako wanaosafiri nchi nzima na sindano zao mkobani. Huo ndio ushahidi, ukate, ubandike. Na ukishamaliza kubandika mrudishie baba gazeti, kwa sababu yanayofuata ni yake.

Baba, nimekucheka mpaka nikaacha chai ikapoa, kisha nikafika pale uliposema "jambo dogo" na kicheko kikaniisha. Wewe hukusinzia. Nimemsomea muuguzi wa kliniki ya kisukari sehemu ile bila kutaja jina lako, jasho, mikono kucheza, kutaka kumpiga Supeet kwa ajili ya dume la zamani la mnadani, na hakuningoja nimalize. Sukari yako ilishuka. Ulijichoma kwa sababu umesikia mbuzi analia! Baba, mbuzi anayelia bado yuko hai. Anatakiwa kuchinjwa, kuchunwa, kuchomwa, na wewe katikati unatoa habari za nyati pande zote mbili, huku dawa iko mwilini inafanya kazi haina chakula cha kufanyia. Ungechelewa kidogo tu kunyweshwa ile chai, wangekuwa wanakurudisha Mbulumbulu umelala nyuma ya gari, na huyo Leonce usiyemtaka ndiye angekuja kukupokea.

Na mama Koinet hakujua anakuokoa. Alidhani una baridi. Mwingine angedhani umelewa, kama Koinet, akakuacha ulale. Maisha yako yalining'inia kwenye kudhani kwa mtu, na walikuwa wanadhani kwa sababu wewe, mwenye mdomo mzima, ulimwambia punda peke yake.

Sasa yale uliyonikataza kuyagusa. Mwanamke amekupokea, amekunywesha, amekurudishia uhai, na malipo yake umemwambia mumewe mbele ya wazee kwamba maziwa yake ni mabovu. Halafu unaniandikia kwamba jambo limeisha! Limeisha kwako. Yeye anamwoza mwanawe mwezi ujao, na siku hiyo mama mzazi wa bwana harusi atakaa pembeni na vibuyu vyake, wageni wakipewa maziwa na mke mdogo, na kila atakayeuliza sababu ataambiwa. Na wewe umepanga kusimama hapo hapo, umenyolewa vizuri, unambariki mtoto wake. Baraka gani hiyo, baba?

Nenda Kakesio. Nenda peke yako, mimi niko upande wako, na suala la kuulizwa kupitia kwa Leonce kama gunia limeniuma hata mimi. Brigita, hilo lisikie. Lakini kabla ya safari pita kliniki uwaulize saa za sindano na kipimo siku ya kuwa njiani, na safari hii ujibu mwenyewe, hata swali la chooni. Ile chupa ya chai yenye maji ya baridi umeifanya vizuri sana, endelea nayo, ila andika juu yake kwamba ni dawa. Sindano usiiguse mpaka sahani iko mbele yako na umeiona nyama kwa macho, si kwa masikio. Sukari au pipi ziwe kwenye mfuko wa shati, usizitie kwenye begi linalofungwa juu ya gari. Ukianza kutoka jasho, kula hapo hapo, uache kutoa habari, wazee wa Kimasai watangoja. Aliyekaa karibu nawe garini mwambie una kisukari, tena yule mama wa chai umwombe msamaha wa ndevu. Mwenyeji wako mweleze ukiwa bado una akili zako: akikuona umebadilika akupe kitu kitamu, na kama umelegea hata kumeza huwezi, asikumiminie chochote mdomoni, atafute gari la kukuwahisha kwa daktari.

Unaogopa kwamba ukisema utaacha kuwa Remigius wa nyati. Nyati huyo hata mimi nimeshamsikia, hakuna atakayekunyang'anya.

Lakini simu ni ya leo, haingoji harusi. Mpigie Supeet, na ukishamsalimia mwambie ampe mama Koinet simu, asimame karibu asikie na yeye. Sema bila kuzunguka: maziwa yako yalikuwa mazima, mgonjwa nilikuwa mimi, nina kisukari na nilikuficha. Ukiweza kuyasema hayo, Brigita hana tena sababu ya kukupa mlinzi. Ukishindwa, baba yangu, basi panda gari na Leonce, maana utakuwa bado unahitaji mtu wa kukusemea.

Antonia